Fedha ya Mfalme Kipofu

Ndugu zangu wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia madawati yetu leo,

Mhariri wa gazeti letu ameniomba mara tatu niandike habari za sarafu zangu. Mara mbili nilimkwepa kwa kisingizio cha kazi. Sababu ya kweli ni kwamba habari hizo haziwezi kuandikwa zikatimia bila kuungama jambo moja ambalo si la kujivunia. Sasa nimestaafu, kisingizio cha kazi hakipo tena, basi naandika.

Tuliokaa pamoja Kidato cha Pili tutaikumbuka siku ile Mwalimu wetu wa Historia alipoingia darasani na kitambaa cheupe kilichopigwa fundo. Ndani yake mlikuwa na riale ya bibi yake: pande zito la fedha, upande mmoja sura ya mama mnene mwenye ushungi, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili na mwaka 1780. Alitueleza kwamba huyo ni Maria Theresa, aliyetawala Austria, na kwamba baada ya kifo chake mwaka huohuo wa 1780 sarafu yake iliendelea kufuliwa kwa tarehe ileile, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, wa Uarabuni na wa pwani yetu walikuwa wameizoea sura hiyo. Kisha akaipitisha dawati kwa dawati, akatuagiza tunakili herufi zilizoizunguka. Upande wa tai tukakuta: ARCHID. AVST. DUX BURG. CO. TYR.

“Dux,” akasema, “ni Kilatini, maana yake mtemi, cheo kinachofuata chini ya mfalme. Lakini hiyo Burg ni wapi, mimi sijui. Atakayejua aje aniambie.”

Zama zile mwalimu kusema “sijui” mbele ya darasa halikuwa jambo dogo. Wengine walicheka kwa chini. Mimi neno lile lilinikaa.

Jibu nilikuja kulipata mwaka 1983, nilipokuwa Ubelgiji nikisomea ufundi wa maji. Burg ni Burgundia. Watemi wa Burgundia katika karne ya 15 walizikusanya nchi ndogondogo zilizokuwa baina ya Ufaransa na Ujerumani, moja kwa kuoa, nyingine kwa kununua, nyingine kwa upanga. Na urithi wao ukaja kuangukia mikononi mwa ukoo ambao baadaye ulimzaa Maria Theresa. Miongoni mwa nchi hizo ulikuwamo utemi wa Luxemburg, ambao askari wa Mtemi Philip wa Burgundia waliuteka mji wake mkuu usiku mmoja wa Novemba 1443. Nikamwandikia Mwalimu barua ya kurasa nne. Alinijibu kwa mistari miwili: amefurahi sana, na je, hiyo “Co. Tyr.” nayo ni nini?

Basi Jumamosi moja nikapanda garimoshi kutoka Brussels kwenda kuiona hiyo Luxemburg kwa macho yangu. Leo ni nchi ya kilomita za mraba 2,586, karibu sawa na Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Katika karne ya 14 ilikuwa kubwa zaidi; vipande vyake vingine leo ni Ufaransa, vingine Ujerumani, na kipande kikubwa kuliko vyote ni Ubelgiji. Mjini kuna makumbusho ya taifa mahali palipokuwa soko la samaki, na humo ndani, nyuma ya kioo, nikaona sarafu ya fedha yenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Mbele ilikuwa na uso wa mfalme mwenye taji, anakutazama moja kwa moja, nywele zimejikunja masikioni. Nyuma ilikuwa na msalaba mrefu unaofika ukingoni, na katika kila pembe vitone vitatu. Nilikwisha kuiona katika vitabu, nikasema moyoni: hii ni peni ya Uingereza, imewekwa kabati lisilo lake. Nikasoma kibandiko. Ilikuwa ya Luxemburg, ya mtawala aliyeitwa Johann.

Yafaa nieleze kwanza habari za hiyo peni ya Uingereza. Mwaka 1279 Mfalme Edward wa Kwanza aliamuru sarafu mpya zifuliwe nchi nzima. Peni yake ilikuwa na uzito wa gramu 1.44 hivi, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, sehemu 925 zilikuwa fedha safi. Peni 12 zilikuwa shilingi, na shilingi 20 pauni. (Ndiyo shilingi iliyotufikia na sisi mwaka 1921, ingawa ya kwetu walikuja kuigawa senti 100.) Waingereza walikuwa wakiuza sufu kwa wafumaji wa Flanders na Brabant, na kwa biashara hiyo peni ya Edward ikajulikana pande zote zile kuwa ni fedha ya kuaminika. Mchukuzi asiyejua kusoma aliitambua kwa uso na msalaba wake tu.

Palipo na sura inayoaminiwa bila kusomwa, mwigaji hakosi. Kufika miaka ya 1290 watawala kadhaa wa nchi ndogo za ng’ambo ya bahari walikuwa wakifua peni zao wenyewe kwa umbo la peni ya Edward. Waingereza wakaziita majina ya kejeli, “crockard” na “pollard”. Mwaka 1299 zikapigwa marufuku kuingizwa nchini. Krismasi ya mwaka huo thamani yake ikakatwa nusu, na Pasaka ya 1300 zikafutwa kabisa. Nyingi zilikusanywa zikayeyushwa, zikafuliwa upya kuwa peni halali. Zilizosalia ni zile zilizokuwa zimefukiwa. Mwaka 1886, katika mji wa Aberdeen, Uskoti, wachimbaji walikuta chungu cha shaba chenye sarafu zaidi ya 12,000, nyingi mno zikiwa peni za Edward, na katikati yake wamejibanza hao wageni wa ng’ambo, kama watu waliopanda gari bila tiketi.

Ila aliyewapita wote kwa jina baya ni Johann wa Luxemburg, na huyu yafaa nikae naye kidogo. Alizaliwa mwaka 1296, mwana wa Kaisari Henry wa Saba. Mwaka 1310, akiwa bado kijana wa miaka 14, aliozwa binti wa kifalme wa Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, akawa mfalme wa huko. Kwa hiyo alikuwa na nchi mbili: Luxemburg ya baba zake na Bohemia ya mkewe. Hakutulia katika yoyote. Leo yuko Prague, kesho Italia, keshokutwa anapigana Lithuania, na kila safari ni gharama. Mwaka 1340 aliwaanzishia watu wa Luxemburg soko kubwa la kila mwaka, na soko hilo lingali linafanyika, ingawa siku hizi ni bembea na vitafunio zaidi kuliko sufu. Macho yake yaliharibika mfululizo, na mwaka huohuo wa 1340 alikuwa kipofu kabisa. Agosti 26, 1346, katika vita vya Crécy, akiwa upande wa Wafaransa, aliwaambia askari wake wamwongoze mbele hata apate kupiga pigo moja la upanga. Wakafungamanisha hatamu za farasi wao na za farasi wake, wakaingia naye, na kesho yake wakakutwa wamelala pamoja. Mifupa yake ilihamishwa huku na huku kwa karne nyingi, ikarudishwa Luxemburg mwaka 1946, miaka 600 kamili baada ya kufa kwake.

Mtu shujaa namna hiyo, kisha tazama sarafu yake. Ajabu ni kwamba Bohemia ilikuwa na migodi ya fedha ya Kutná Hora, miongoni mwa iliyokuwa tajiri kupita yote Ulaya wakati ule, na kutoka humo ilifuliwa tangu mwaka 1300 sarafu nzuri iitwayo grosh ya Prague. Angeweza kuona fahari kuandika jina lake kwa herufi kubwa katika fedha yake mwenyewe. Lakini Luxemburg alifua peni yenye sura ya Edward. Na maandishi yake ndiyo yaliyonifanya nirudi kwenye kabati lile mara ya pili na ya tatu. Peni ya Edward huanza kwa herufi EDW. Baadhi ya peni za Johann huanza EIW, yaani jina lake, Johannes, limepindwa tahajia makusudi ili mwanzo wake ufanane na wa Edward. Kisha yafuata maneno ya Kilatini yaliyokatwakatwa, yanayomtaja kuwa bwana na mfalme wa Bohemia, yamepangwa hata jicho la haraka liyaone kama yale ya Mwingereza. Nyuma, panapostahili kuandikwa London, pameandikwa Luxemburg.

Hapo wanaojua mambo hubishana. Je, hii ni sarafu bandia? Mshitakiwa akisimama mahakamani atasema: jina ni langu, cheo ni changu, mji ni wangu, na mimi ni mtawala mwenye haki ya kufua fedha, asiyejua kusoma asinilaumu. Na kweli, katika sarafu ile nzima hakuna neno hata moja la uongo. Nimeifikiria hoja hiyo miaka mingi, na maoni yangu ni kwamba uongo wake ni mkubwa zaidi kwa sababu hiyo hasa. Mwizi wa usiku hufua sarafu bandia akijua kuwa atanyongwa. Huyu aliipanga kweli yake namna ambayo haitasomwa.

Faida yake ilitoka wapi? Tufanye hesabu ya mfano tu. Ukiyeyusha peni 240 za Kiingereza, ukachanganya shaba kidogo, ukapunguza na uzito kidogo, fedha ileile yaweza kutoa peni 280. Ukizipitisha zote kwa bei ya peni nzuri, umejipatia peni 40 bila kulima wala kufuga. Sarafu yenye shaba nyingi ilichemshwa na chumvi na maji makali yenye asidi ili shaba ya juu iliwe, ibaki ngozi nyeupe ya fedha; ikivaliwa mikononi miezi michache, pua ya mfalme huanza kuwa nyekundu. Lakini mfalme peke yake hawezi kuzivusha bahari. Anayezivusha ni mfanyabiashara, ambaye anazijua vizuri, maana kazi yake ni kujua fedha. Anazinunua kwa bei ndogo, anazichanganya na nzuri ndani ya mfuko, anamlipa mkulima wa sufu. Mkulima naye akigundua hazitupi. Humlipa mhunzi siku ya mnada, jioni, kabla taa hazijawashwa. Kila mkono uliojua ukanyamaza ulizisogeza hatua moja mbele.

Waingereza walizipa jina kwa kuharibu jina la nchi zilikotoka: “lushburgh”. Mwaka 1352, Bunge lilipoandika sheria ya uhaini, kuingiza nchini fedha bandia kwa kujua kulihesabiwa pamoja na kutaka kumwua mfalme, na sheria ile inaitaja kwa jina fedha iitwayo Lushburgh. Adhabu ya uhaini ilikuwa kifo. Johann mwenyewe alikuwa amekwisha kufa miaka sita nyuma. Mshairi Chaucer, miaka mingi baadaye, bado alilitumia neno hilo katika hadithi zake za Canterbury kwa maana ya sarafu isiyofaa, na wasomaji wake walimwelewa. Huko ndiko kujulikana kwa nchi ndogo.

Mwanahistoria mkali atanisahihisha kwamba wakati wa Johann Luxemburg haikuwa utemi bado; mtawala wake alikuwa na cheo cha chini zaidi, cha konti. Ni kweli. Ilipandishwa kuwa utemi mwaka 1354 na mwanawe, Kaisari Charles wa Nne, kwa ajili ya ndugu yake wa baba mwingine? La, wa mama mwingine, Wenceslas. Huyo Wenceslas alifua sarafu kubwa zaidi, zenye jina lake waziwazi. Ninazo mbili. Ni nzuri, wala hazina kisa.

Sasa nije kwenye kuungama. Kwa posho ya mwanafunzi nilianza kununua: kwanza peni moja ya Brabant iliyokatwa ukingo, kisha nyingine. Katika soko la Jumapili la mji mmoja nikaonyeshwa peni ya Johann yenye EIW safi kabisa. Mikono ilinitetemeka. Nikatoa faranga 3,500 za Ubelgiji, ambazo zilikuwa chakula changu cha wiki tatu. Nilipofika chumbani nikaipima kwa mizani ya maabara: gramu 1.62. Nikakaa kitandani. Ilikuwa nzito kuliko peni halali ya Edward mwenyewe, na mwigaji anayetoa fedha nyingi kuliko anayemwiga hajapata kuzaliwa. Kwa kioo cha kukuzia nikaona vipovu vidogo katikati ya herufi, na ukingoni mstari mwembamba pande zote, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Sarafu za zama zile hazikumiminwa; kipande cha bati la fedha kiliwekwa baina ya chapa mbili za chuma kikapigwa nyundo. Yangu ilikuwa imemiminwa, pengine mwaka uleule. Nilikuwa nimenunua bandia ya bandia.

Nilikuwa mshiriki wa chama cha wakusanyaji, tukikutana kubadilishana. Hapo alikuja kijana mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa akisomea udaktari. Tulifurahiana kwa Kiswahili, chake cha Katanga na changu cha huku, na aliniita “yaya”. Nilidhani ananifanya mlezi wa watoto, mpaka aliponieleza kwamba kwao yaya ni kaka au dada mkubwa. Akaiona ile sarafu katika kijaluba changu, macho yakamwangaza.

“Yaya, hii ni ya kweli?”

Nikamjibu: “Mimi nimeinunua kwa faranga 3,500.”

Akainunua kwa 3,000. Nilijiona hata nimemfanyia hisani.

Mwaka 1985, katika maktaba, nilipata kitabu cha Mwingereza N. J. Mayhew, kilichotoka mwaka 1983, kilichozipanga peni hizi za kuiga aina kwa aina. Nilikuwa nikinakili herufi za Johann, kama tulivyonakili zile za riale, nilipojisikia nikilirudia moyoni jibu langu kwa yule kijana. Halikuwa na neno hata moja la uongo.

Nilichukua faranga 3,000 nikaenda Liège kumtafuta. Nilimkuta anapika. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Akacheka, akasema alijua tangu wiki ileile, maana na wao walikuwa na mizani.

“Mbona hukuniambia?”

“Yaya, ningesema nini? Wewe hukunidanganya.”

Alizipokea fedha, akazihesabu, akanirudishia sarafu, kisha akanikaribisha chakula. Tuliandikiana miaka kadhaa, ingawa tangu siku ile aliniita kwa jina langu.

Kwa vijana wanaotaka kuanza kazi hii nina maneno machache ya ufundi. Pima kabla ya kulipa, usipime baadaye kama mimi. Tazama ukingo kabla ya uso. Usiisugue sarafu ya fedha hata kama imekuwa nyeusi. Weusi wake ni umri wake, na ukiuondoa umeondoa nusu ya thamani. Usiihifadhi katika vifuko vya plastiki laini, kwa maana aina nyingine hutoa majimaji ya kijani yanayoila. Bahasha ya karatasi kavu inatosha. Na usinunue kitu ambacho muuzaji hawezi kueleza kimetoka wapi: vingi huchimbwa usiku, bila kibali, na shimo lililochimbwa hivyo haliwezi tena kumweleza mtu yeyote lolote. Zaidi ya yote, isome sarafu herufi kwa herufi, hata unapodhani umekwisha kuijua.

Sina mtoto aliyependa mambo haya. Kwa hiyo katika mkutano wetu wa mwaka huu nimemkabidhi mkutubi wa shule kisanduku chenye sarafu saba: mbili za Wenceslas, moja ya Brabant, tatu za Johann, na ile ya kalibu, ambayo kwa sura ni Johann wa nne. Pamoja nazo nimeweka kioo cha kukuzia na mizani ndogo, betri zake mpya. Bahasha nimezipa namba tu. Ile ya kalibu sikuiwekea alama yoyote.